Kadi Sitini na Tatu za Mzee Fupi

Wewe binti wa jarida la ofisi, shika adabu yako. Jumatatu uliniletea karatasi ya kumuaga Mzee Fupi, ukaniambia niweke sahihi kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wa jengo hili. Mimi nasoma polepole, lakini nasoma. Mstari wa nne umeandika kwamba "katika utumishi wake wote hajawahi kusababisha ajali barabarani." Mzee Fupi! Mtu ambaye hata baiskeli hajui inapandwa upande gani! Ulichukua maneno ya dereva tuliyemuaga mwaka jana, ukabadilisha jina, ukaja jikoni kunywa chai yangu kama mtu aliyefanya kazi. Huyu mtu ametafuta maneno ya dunia nzima, wewe umeshindwa kumtafutia matatu ya kwake. Karatasi yako nimeipangusia meza. Wasifu nauandika mwenyewe, na makosa yangu yaache yalivyo. Ukinisahihisha, sukari utaisikia kwa jirani.

Haya. Mzee Fupi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya kamusi kwa miaka thelathini na minane na miezi miwili. Mimi walishanistaafisha mara mbili, chai ikawashinda, wakanirudisha. Kwa hiyo nilikuwapo alipoingia, na nipo anapotoka.

Alipoingia alikuwa mrefu na mwembamba kama ngazi ya fundi umeme. Hakuna mlango wa jengo hili ambao haujamgonga paji la uso. Jina la Fupi halikuja kwa kimo, lilikuja kwa kazi. Wasomi wenzake walikwisha kugawana maneno makubwa, yale yenye mikia mirefu ambayo mtu akiyatamka anajiona amevaa suti. Yeye akaachiwa maneno mafupi ya lugha zote zinazopita katika mji huu: ya herufi moja, ya mbili, mwisho nne. Walimpa kwa kuwa hakuna aliyeyataka. Walidhani neno fupi lina kazi fupi. Walioyabeba makubwa walimaliza zamani wakaenda zao, yeye ndiye anayetoka wa mwisho, na bado hajamaliza. Hapo ndipo nataka msome vizuri.

Kwanza chumba chake, maana wengi wenu hamjawahi kufika. Mnakijua kwa kusikia tu, kama mtu anavyojua kaburi la babu yake. Kiko mwisho wa korido ya chini, ukipita stoo ya ngazi na ndoo zangu. Kina dirisha moja, na saa nne asubuhi jua huingia likakaa juu ya droo za mbao kama mgeni aliyezoea kiti chake. Droo ni mia moja na ishirini, nimezipangusa zote. Ndani yake kuna kadi, na kila kadi ina neno moja. Ukisimama pale kimya, mkono ukiwa kwenye droo, unahisi kitu kama pumzi. Ni kama umeingia katika chumba walicholala watoto wengi, kila mmoja akiota kwa lugha yake, nawe unatembea kwa ncha za vidole usije ukawaamsha. Mara nyingine niliingia na birika nikasahau nimekuja kufanya nini. Na mimi si mtu wa kusahau, waulizeni wajukuu zangu.

Alikuwa akinywa chai ananionyesha kadi moja moja. Shule niliacha nikiwa darasa la tatu, lakini niulizeni leo. "Ni," hilo hilo letu la kila siku, kwa Wachina ni wewe, kwa Wajapani ni mbili, kwa Waswidi ni ninyi. "Tu" yetu ni kitu kilichobaki peke yake, Mfaransa akisema anamaanisha wewe. Waswidi wana herufi moja, o yenye nukta mbili kichwani, na hiyo ni kisiwa kizima, na miti yake na watu wake. Wana nyingine, a yenye kiduara juu, hiyo ni kijito. Fikiria mtu anaweza kuvuka kijito mpaka kisiwani kwa herufi mbili! Wajojia, majirani wa Waturuki, wakisema "mama" wanamwita baba, na mama yao ni "deda," nami nilipoambiwa hivyo nilicheka mpaka nikamwaga maziwa. Mgiriki akikubali anasema "ne," na Mserbia akikataa anasema "ne," na Mzee Fupi alikuwa akijiuliza watu hao wawili wakikutana mlangoni nani atampisha nani.

"La" yetu ilitoka kwa Waarabu, ikakaa kwetu hadi ikasahau njia ya kurudi. "Chai" ilianza kwa Wachina ikiwa "cha," ikapita kwa Waajemi ikaongezewa mkia, ikaendelea na safari hadi kwenye birika langu. Miaka yote nachemsha majani, kumbe nachemsha na vumbi la njiani.

Lakini droo aliyoipenda kuliko zote ni ile ya chini kushoto, ya maneno ya ndugu. Kula, kufa, kuja, kupa. Ukiondoa lile "ku" la mbele, kinachobaki ni pumzi moja tu. Na pumzi hiyo utaikuta kwa majirani zetu wa karibu na wa mbali, imebadilika kidogo kama sura za watoto wa dada na kaka. Jua linapochomoza sisi tunasema kumekucha. Hiyo "cha," Waganda wanaitamka "kya," Wazulu wanaitamka "sa." Alizilaza kadi hizo tatu mezani, zikapigwa na jua, akasema, "Tazama, dada. Asubuhi ni ile ile, inapita nyumba kwa nyumba." Yeye aliamini maneno hayo ni mafupi kwa sababu yamekanyagwa na watu wengi sana, kama jiwe la mlangoni linavyolika. Sijui kama wasomi wanakubali. Mimi nimekubali.

Sasa namna yake ya kazi, ambayo ndiyo iliyomletea matatizo. Kila kadi ina nafasi pembeni, chini kulia. Hapo huandikwa "Limesikika," mahali, siku, na sahihi. Kadi yenye sahihi imefungwa. Isiyo na sahihi iko wazi: neno limetajwa tu na mtu, halijasikika. Na Mzee Fupi hafungi kadi mpaka alisikie neno kwa masikio yake, kutoka kwa mtu ambaye hakuulizwa. Umenielewa? Hakuulizwa. Ukimwuliza mtu neno la kwao, anakuvalishia. Anakupa la sebuleni. Neno fupi halikai sebuleni. Linakaa jikoni, kitandani, kwenye jeraha, na linatoka lenyewe likipenda.

Hakuanza hivyo. Mwaka wake wa tatu alikuwa na haraka kama nyinyi. Alikuwa na neno la lugha ya watu wa milimani, neno la herufi moja tu: "u." Akamfuata mchukuzi mmoja wa huko akamwuliza, je, hilo ndilo "ndiyo" lenu? Mchukuzi akajibu, "U." Akaandika, akatia sahihi, kamusi ikachapishwa. Miezi sita baadaye akaingia mama mmoja mwalimu, kitabu kwapani, sauti inatangulia mwili.

"Nani ameandika hapa kwamba 'u' ni ndiyo?"

"Mimi, mama."

"Ulimwuliza nani?"

"Mchukuzi mmoja."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Naye kila mara akakwambia nini?"

"U."

Yule mama alicheka hadi akatafuta kiti. "Baba wee," akasema, "'u' ni neno tunalompa mgeni tusiyemwelewa. Maana yake, endelea tu, nakusikia, ukichoka utanyamaza."

Mwingine angesema tutarekebisha toleo lijalo. Mzee Fupi alichukua kalamu ya wino mweusi, akaenda kila shule na kila maktaba iliyonunua kitabu kile, Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka miwili, akafuta na kuandika kwa mkono. Nakala mia nne na kumi. Aliyekuwa mkurugenzi wakati ule alimwuliza anajidhalilisha kwa nini. Akajibu kwamba kuna vitabu mia nne na kumi vinavyodanganya watu kila siku kwa sahihi yake.

Tangu hapo hakumwuliza mtu tena. Akaanza kukaa. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kwenye foleni ya posta, kwa kinyozi, kwenye ukumbi wa wasafiri wanaosubiri. Anakunja miguu yake mirefu, anafumba macho nusu, unadhani amelala. Nilimkuta siku moja hospitalini nilipompeleka binti yangu, nikapita mbele yake mara mbili, hakuniona. Alikuwa mbali. Watu wanaongea, wanakohoa, wanaitana, na yeye yuko katikati yao kama mtu aliyelala chini ya maji anayesikiliza mvua juu.

Mlinzi wa posta alimkamata mara tatu. Ya wodi ya wazazi ndiyo iliyokuwa kiboko. Kulikuwa na neno moja la lugha ya mbali ambalo wakunga humwambia mzazi pale mwisho kabisa, na hakuna kitabu kilichokuwa nalo. Akakaa kwenye benchi la nje siku tatu. Muuguzi akimpita anamwuliza, "Baba, wako bado?" Naye, kwa kuwa ni kweli, anajibu, "Bado." Siku ya nne neno likasikika kupitia dirishani. Mzee Fupi akaruka, akagonga taa kwa kichwa, akapiga kelele, "Limekuja!" Wauguzi wakampigia vigelegele. Mmoja akamletea mtoto amshike. Akamshika, maana hakutaka kuwaharibia furaha, na baba halisi akaingia akamkuta. Hiyo kesi niliisuluhisha mimi.

Kwa kukaa huko amefunga kadi elfu tisa na mia mbili. Matoleo mawili ya kamusi yamesimama juu ya mgongo wake. Ile "e?" ya mtu ambaye hakusikia vizuri, ameikusanya katika lugha thelathini na moja, na anasema nyingi mno zinafanana, utadhani binadamu wote walikosa kusikia kitu kimoja siku moja, wakauliza kwa pamoja. Hayo ni mafanikio, yaandikwe.

Sasa nafika kwenye kinachoniuma.

Mmeleta mashine ya kutunza maneno. Sina ugomvi na mashine. Mkurugenzi ameagiza kwamba ikifika tarehe thelathini kadi zote ziwe zimeingizwa, chumba kiwe stoo ya viti vya mikutano, na makaratasi yabebwe Jumatatu inayofuata yakasagwe. Lakini hiyo mashine inataka kila nafasi ijazwe. Kadi iliyo wazi haiipokei. Mwezi uliopita zilikuwa wazi kadi sitini na nne. Maneno sitini na manne ya watu wanaoishi, ambayo hayamo katika kitabu chochote, yaende kuwa karatasi ya kufungia sabuni.

Mlimfuata wengi, nimewasikia, kuta za korido ile ni nyembamba. "Mzee, piga sahihi tu, nani atajua?" Akawajibu, "Atajua mwenye neno." Mkatoka mnacheka.

Hakuwagombeza. Mwezi mzima huu amekuwa akitoka saa moja asubuhi kwenda kukaa kwenye mabenchi. Miguu imevimba. Mke wake alinipigia simu, akaniambia, "Dada, hali chakula. Anakaa mezani kama mtu anayesubiri kuitwa." Mwezi mzima hakufunga hata moja. Neno halijui tarehe thelathini.

Jumatano iliyopita niliingia kumsaidia kufungasha. Yeye alikuwa ametoka. Nikapangusa trei ya kadi zilizo wazi, na kwa kuwa nasoma polepole, nikaona neno moja linanitazama kabla sijalitazama. Lugha iliyoandikwa juu ni lugha ya mama yangu. Waliobaki nayo siku hizi hawajazi benchi moja, na mimi nimo. Neno ni "fwe." Mahali pa maana pana alama ya kuuliza. Chini kwa penseli ameandika, "Mama wa chai analo. Asiulizwe." Tarehe ilikuwa ya miaka kumi na tisa iliyopita.

Nikakaa juu ya ndoo. Miaka kumi na tisa, kila siku ya kazi, saa nne, nimeingia na kutoka katika chumba kile, na mtu yule ameinua kikombe, amesema asante dada, na amesubiri. Nilimwona akifumba macho nikifungua mlango. Nilidhani ni usingizi.

Aliporudi nilimvaa mlangoni, birika mkono mmoja, kadi mkono wa pili.

"Wewe mwanamume una akili kweli? Miaka yote hii unaninyatia kwa chai yangu mwenyewe?"

Akainama kupita mlangoni.

"Si ungeniuliza!"

"Ningekuuliza, dada," akasema, "ungenipa la wageni."

Nikamfuata hadi mezani. Nikalitua birika juu ya meza kwa hasira, karibu na kadi zake. Akaogopa zisilowe. Akanyoosha mkono mtupu kulisogeza, lile la bati, limetoka motoni sasa hivi.

"Fwe!"

Mkono wake ukasimama hewani. Na mimi nikasimama. Neno lilikuwa limeshatoka, liko chumbani, linazunguka na vumbi kwenye jua. Sijalitamka tangu nimzike mama yangu. Wajukuu zangu nawaambia "acha," kama kila mtu. Nilidhani limekwenda naye.

Nitawaambia maana yake, kwa kuwa sasa limeandikwa. Si "acha" wala si "moto." Ni neno la mama kwa mtoto anayenyoosha mkono penye kuunguza, na maana yake ni kwamba mkono huo ni wangu, usiuunguze. Mtoto wa jirani unamwambia acha. Neno hili husemwa kwa wa kwako tu. Ndiyo maana hakuna mgeni aliyewahi kupata maana yake, na ndiyo maana hakuniuliza.

Tangu yule mchukuzi hakuwahi kuandika kwa haraka, na siku hiyo hakuanza. Alikaa kwanza. Mimi nikageukia dirishani nikajifanya naangalia uchafu wa vioo. Nikasikia penseli. Alipomaliza nilisoma: Limesikika, chumba cha mwisho, saa nne na robo, mama wa chai kwa mwenzake. "Mwenzake" alikuwa ameikata kwa mstari mmoja, juu yake akaandika "nduguye." Ikabaki sahihi. Akaitia, ikatoka vibaya kuliko yangu.

Zikabaki sitini na tatu. Alizipanga vizuri, akazifunga kwa kamba, akaniomba kitu kimoja tu: Jumatatu wabebaji wakija niwaambie wasiziburute kwenye matope. Hakulalamika. Mtu ambaye halalamiki ananiudhi sana, maana kazi ya kulalamika inabaki kwangu.

Mzee Fupi, ofisi nzima inakushukuru, hata wale ambao hawajui wanashukuru nini. Umetuonyesha kwamba mtu anaweza kusubiri nusu ya umri wake bila kudanganya hata mara moja, ukiondoa ile ya mchukuzi, uliyoilipa. Tunakuombea miguu ishuke uvimbe, chakula kikurudie mdomoni, na mke wako akuchoke taratibu. Lala hadi kukuche, ukiamka ulale tena. Maisha mema, ndugu yangu. Mabenchi yaachie wengine.

Na nyinyi wengine, sikilizeni. Kadi hizo haziko tena chumbani kwake. Ziko jikoni kwangu, ufunguo nimeuvaa shingoni, na Jumatatu wabebaji hawatakuta cha kubeba. Akishaondoka yeye, jengo hili litakuwa na watu sitini na wawili, nimewahesabu kwa vikombe. Ijumaa, kabla hotuba hazijaanza, kila mmoja apite jikoni achukue kadi moja na aandike jina lake kwenye daftari langu. Akatafute benchi wanapokaa watu wa lugha hiyo, akae, afunge mdomo wake, asubiri. Asithubutu kuuliza. Asiyechukua kadi hana kikombe kwangu, awe daktari wa maneno au mfagizi. Hapo itabaki kadi moja juu ya meza. Mkurugenzi, hiyo ni yako ya pili. Njoo uichukue mwenyewe, usitume mtu.